Kwa Nini Haondoki?

Kaa na watu kwenye kibanda cha video wakati filamu ya kutisha inaonyeshwa, utasikia swali lile lile kila mara. Mlango umejifunga wenyewe, taa zimezimika, na yule dada kwenye skrini, badala ya kukimbilia barabarani, anapanda ngazi taratibu kwenda kuangalia juu kuna nini. Ukumbi mzima unapiga kelele: "Toka nje wewe! Unafuata nini huko?" Jibu halipatikani, kwa sababu aliyeitengeneza filamu hakulifikiria. Alitaka dada apande ngazi, basi akapanda.

Wapiga kelele wale wana haki. Wanadai sababu, na mimi nimelifanya dai lao kuwa kipimo changu kila mtu anaponiomba riwaya ya kutisha au ya kusisimua. Damu imemwagika kiasi gani, shetani ana pembe ngapi, mambo hayo hayanisaidii kuchagua. Nauliza tu kwa nini mhusika haondoki. Mwandishi akilijibu swali hilo sawasawa, kitabu chake kitakukaa mwilini hata baada ya kukirudisha kwa mwenyewe, maana hofu yenyewe imejengwa ndani ya lile jibu. Jumba la kale lenye minara huenda hujawahi kuliona, na theluji vivyo hivyo. Lakini kazi usiyoweza kuiacha unaifahamu. Ndoa uliyoingia bila pa kurudi unaifahamu, na kaburi la mtoto pia.

Vitabu vya nje nitakavyovitaja nimevisoma kwa Kiingereza, na vingi hupatikana kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam ukiwa na subira ya kuchambua mirundo. Mwisho wa kitabu chochote sitausimulia.

Anza na Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Najua wengi wanadhani wanaijua kwa kuwa wameona filamu zake. Wakiisoma watashangaa jinsi inavyoanza na shughuli ya kawaida kabisa: wakili kijana, Jonathan Harker, ametumwa na mwajiri wake kwenda Transylvania kukamilisha mauzo ya nyumba. Mteja ni mzee mmoja wa ukoo bora anayetaka kuhamia Uingereza. Njiani wenyeji wanamwonya, mwanamke mmoja anamvisha msalaba shingoni, na bado anaendelea na safari. Kwa nini? Kwa sababu ni mwajiriwa mpya, anataka kuoa, na kazi hii ndiyo itakayomtengenezea jina. Ukimwambia kijana yeyote aliyepata ajira juzi akatae safari ya kikazi kwa sababu wanakijiji wamempigia ishara ya msalaba, atakucheka.

Halafu inakuja sehemu ya barua. Mwenyeji wake anamwambia, kwa adabu zote, aandike barua tatu za kwenda nyumbani: ya kwanza iseme kazi inakaribia kwisha, ya pili iseme anaondoka kesho yake, ya tatu iseme ameshaondoka kwenye ngome na amefika mji wa Bistritz. Harker anauliza aweke tarehe gani. Mzee anapiga hesabu kidogo, kisha anamtajia: 12 Juni, 19 Juni, 29 Juni. Hapo Harker anajua siku zake za kuishi. Hakuna jino wala damu kwenye ukurasa huo. Kuna mtu, kalamu na tarehe tatu, na bado ndiyo sehemu inayonitisha kuliko zote katika kitabu kile. Stoker mwenyewe hakuwahi kukanyaga Romania. Alikuwa meneja wa ukumbi wa michezo wa Lyceum jijini London, mtu wa hesabu na barua za kikazi kutwa nzima, na nadhani ndiyo maana alijua hati inavyoweza kutisha. Nusu ya pili ya kitabu inalegea kidogo. Vumilia.

Stephen King alipofika kwenye The Shining, iliyochapishwa mwaka 1977, aliliweka swali letu kwenye sura ya kwanza kabisa, na akaliweka kwa njia ya usaili wa kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana sijaona mwandishi mwingine aliyelishughulikia kwa bidii kama hii. Jack Torrance ni mwalimu aliyefukuzwa kwa kumpiga mwanafunzi. Ni mlevi anayejaribu kuacha. Siku moja, mwanawe Danny alipomwagia bia kwenye karatasi za mchezo wa kuigiza aliokuwa akiuandika, alimvuta mkono kwa hasira hadi ukavunjika. Sasa ameketi mbele ya meneja wa hoteli anayemdharau waziwazi na kumsomea historia yake yote, naye anameza matusi hayo kwa tabasamu, kwa sababu rafiki tajiri amemwombea kazi hii na hakuna nyingine. Kazi yenyewe ni kulinda hoteli ya Overlook milimani Colorado majira yote ya baridi, pamoja na mkewe na mtoto wa miaka mitano, barabara zikiwa zimefungwa na theluji hadi mwezi wa tano.

Ukisha kusoma usaili ule, huna haja tena ya kuuliza kwa nini hawaondoki mambo yanapoharibika. Mke, Wendy, hawezi kurudi kwa mama yake kwa sababu mama huyo atamsimanga maisha yake yote. Mume akirudi mjini bila kazi, itambidi aoshe magari au apige koleo. Na chini kabisa ya jengo kuna boila kuukuu la kupashia maji moto ambalo mtu asipolishusha presha kila siku litalipuka, kwa hiyo hata ukitaka kusahau uko wapi, mshale wa kipimo unakukumbusha. King aliipata hoteli yake mwaka 1974 alipolala na mkewe kwenye hoteli ya Stanley, mji wa Estes Park, msimu ukiwa unafungwa na wageni wengine wote wameshaondoka. Walipewa chumba namba 217, na namba hiyo utaikuta kitabuni.

Aliyeona filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 aisome riwaya bila kusita. Filamu ni nzuri kwa macho, lakini Jack wake ana wazimu tangu dakika ya kwanza, na mtu aliyeanza na wazimu hana cha kupoteza. Jack wa kitabuni anampenda mwanawe. Kuna mahali, kitabu kikiwa kimefika katikati, yuko peke yake bandani mbele ya chombo pekee kinachoweza kuwavusha kwenye theluji. Anaweza kuwaondoa wote. Soma ukurasa huo polepole, uone anavyojishawishi.

Mtu akiniomba kitabu kimoja tu, na nikiona hapendi mambo ya mashetani, namtajia Rebecca ya Daphne du Maurier. Ni ya mwaka 1938, na aliianza akiwa Alexandria, Misri, ambako mumewe mwanajeshi alikuwa amepangiwa kituo, huku akiililia Cornwall na mvua zake. Hakuna mzuka humo. Kuna msichana yatima, ambaye jina lake hatuambiwi hata mara moja, aliyeajiriwa kumfuata mwanamke tajiri hotelini Monte Carlo na kumbebea vitu vyake. Anaolewa ghafla na mjane mwenye jumba kubwa, na akifika kule Manderley anakuta kila kitu, kuanzia karatasi za barua hadi ratiba ya chakula, kinaendeshwa kama alivyotaka mke wa kwanza, Rebecca, aliyekufa maji. Msimamizi wa nyumba, Bi Danvers, alimlea marehemu na hana nia ya kumtambua mwingine.

Sehemu ninayowasimulia watu ili wakitafute kitabu ni hii. Asubuhi moja yule bibi arusi, akipanga vitabu juu ya meza, anaangusha kisanamu cha kauri kikavunjika. Ni nyumba yake. Ni meza yake. Mumewe ana mali isiyohesabika. Naye anaviokota vipande haraka haraka, anavitia kwenye bahasha na kuificha nyuma kabisa ya mtoto wa meza, kama mtumishi anayeogopa kukatwa mshahara. Mtumishi halisi, kijana Robert, anapotuhumiwa wizi na kukaribia kulia, ndipo inambidi aseme. Ukiwahi kuolewa au kuhamia kwenye nyumba ya watu waliokuzidi uwezo, ukakaa ukingoni mwa kiti kwa miezi, utajua kwa nini msichana yule hafungashi. Arudi wapi? Kwa yule mwanamke wa Monte Carlo? Du Maurier anaitumia aibu kama wengine wanavyotumia mapanga, na kwa sababu aibu kila mtu anayo, kitabu chake hakijazeeka.

Shirley Jackson alikwenda mbali zaidi. The Haunting of Hill House, ya mwaka 1959, inamhusu Eleanor, mwanamke wa miaka 32 aliyemuuguza mama yake kwa miaka 11 hadi akafa. Sasa hana mume, hana kazi, analala kwenye chumba cha mtoto nyumbani kwa dada yake. Barua inakuja kutoka kwa daktari mmoja anayechunguza majumba yenye mizuka: je, angependa kukaa naye na wengine wawili katika jumba la Hill House? Anaiba gari ambalo nusu yake ni lake mwenyewe na kwenda. Kila msomaji anaogopa kwa niaba yake, ila yeye anafurahi. Kwa mara ya kwanza maishani kuna watu wanaomngoja kwa chakula cha asubuhi. Jumba linapoanza kugonga milango usiku, anatetemeka kama wenzake, lakini wenzake wana kwao.

Kuna usiku mmoja ambapo Eleanor, gizani, anasikia sauti ya mtoto akilia chumba cha pili, na anaushika mkono wa rafiki yake Theodora kwa nguvu mpaka anaisikia mifupa ya vidole. Taa inawaka. Theodora yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba, ndiyo kwanza anaamka. Kitu kilichoushika mkono wa Eleanor hakielezwi, wala Jackson harudi kukitafutia maelezo. Mwandishi mwenye pupa angetuletea kucha na manyoya. Mama huyu wa watoto wanne kutoka Vermont, aliyefariki mwaka 1965 akiwa na miaka 48 tu, aliamini kwamba msomaji ana mikono yake mwenyewe na angemaliza kazi. Kitabu ni chembamba. Ukikipenda, tafuta pia hadithi yake fupi The Lottery ya mwaka 1948, ambayo ilipotoka kwenye jarida la The New Yorker wasomaji waliandika barua za hasira kwa mamia.

Sasa tahadhari. Kuna kitabu ambacho sikipi mtu kabla ya kumjua: Pet Sematary ya King, ya mwaka 1983. Kilitokana na nyumba aliyopanga kando ya barabara ya malori huko Maine. Paka wa binti yake aligongwa, na msituni nyuma ya nyumba watoto wa jirani walikuwa na makaburi ya wanyama wao. Siku nyingine mwanawe mdogo alitimka kuelekea barabarani lori likija. Alinusurika. King akaandika kitabu juu ya kisichotokea, kisha akakifungia kabatini kwa kuona amekwenda mbali mno, na kilichapishwa kwa sababu tu alikuwa na deni la kitabu kimoja kwa mchapishaji wake wa zamani. Jibu la swali letu humo ni zito kuliko yote niliyoyataja: baba haondoki kwa sababu ameambiwa kuna ardhi inayorudisha wafu. Aliyezika mtoto, hata kama ni miaka mingi iliyopita, asikabidhiwe kitabu hiki kama burudani ya wikiendi. Kupendekeza vitabu vya kutisha kuna wajibu ambao anayependekeza vitabu vya mapenzi hanao. Muulize mtu kwanza nini hataki kukisoma. Wasomaji wengi hujibu upesi, na jibu lao liheshimu.

Beloved ya Toni Morrison wengi huiweka kwenye rafu ya fasihi kubwa na kuishia hapo, nami naiweka hapa bila kuomba radhi. Ni ya mwaka 1987, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka ni 1873, mji ni Cincinnati, na nyumba namba 124 ina kisirani cha mtoto mchanga aliyekufa: kioo kinapasuka mtu akikitazama tu, na wana wawili wa kiume wamekimbia kabla ya kukua. Sethe, mama yao, aliyetoroka utumwani Kentucky, anabaki. Zamani aliwahi kumshauri mama mkwe wake kwamba wahame. Mama mkwe akaona haina faida, kwani katika nchi ile haiko nyumba ya watu weusi isiyobeba kilio cha maiti wao hadi darini. Sentensi moja ya bibi mzee, na swali la kibanda cha video limejibiwa kwa historia ya taifa zima. Morrison alianzia kwenye mkasa wa kweli wa Margaret Garner, aliyevuka mto Ohio ulioganda mwaka 1856 pamoja na familia yake. Alichokifanya walipozingirwa usikitafute kabla ya kusoma. Kitabu kina ugumu wake, nyakati zinaruka, sauti zinaingiliana. Kurasa 50 za mwanzo zinataka utulivu. Anayetoka Bagamoyo au Kilwa, akikumbuka nani walipitishwa kwenye barabara zake, hatakiona kigeni.

Riwaya za kusisimua zinaligeuza swali. Huku mtu anakimbia tangu mwanzo, na unachouliza ni kwa nini haachi. Katika Misery ya King swali bado ni lile la mwanzo, na jibu ni fupi, miguu ya mhusika imevunjika, na kitabu kinatembea kwa hilo tu. Lakini ninachokipigia debe ni The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, ya mwaka 1971. Wachapishaji kadhaa walikikataa, na sababu yao ilionekana ya busara: muuaji ameajiriwa kumpiga risasi Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa, mwaka 1963, na kila mtu alijua de Gaulle hakuuawa. Taharuki itoke wapi? Ikatoka kwenye ufundi. Forsyth alikuwa mwandishi wa habari wa Reuters Paris, na aliandika kama mtu anayeripoti. Tunamfuata muuaji akitafuta kaburi la mtoto aliyekufa zamani ili apate cheti cha kuzaliwa na kisha pasi. Tunamfuata msituni akiwa na tikiti alilolichora uso, amelitundika mtini, anarudi nyuma na kulenga, anakaza skrubu ya darubini kidogo, analenga tena. Hatumwonei huruma hata chembe, ila mikono inatutoka jasho kwa ajili ya bisibisi. Na upande wa pili yuko kamishna wa polisi Lebel, mtu mfupi mpole ambaye mkewe humfokea, akitafuta jina moja kati ya mamilioni.

Aliyekulia kwenye riwaya za jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, au kwa mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, atajihisi nyumbani kwa Forsyth. Na asiyewajua hao wawili ana raha inayomngoja. Kwa msomaji anayetaka kuogopa kidogo na kulala vizuri, mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960: maiti imekutwa mzimuni Unguja, kijiji kimeshaamua nani ameua, na Bwana Msa anawasha kiko chake na kuanza kuuliza maswali. Anayetaka kitu chenye uchungu zaidi namwelekeza kwa Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka ya mwaka 2001. Babu aliyekwishazikwa anamjia mjukuu wake, mkubwa mmoja aitwaye K, aliyeshiba nchi ikiwa na njaa. K hawezi kuondoka kwa sababu ya raha yake mwenyewe, na hilo ni jibu ambalo sijalikuta kwa King wala kwa Jackson.

Nimeacha cha mwisho The Screaming of the Innocent ya Unity Dow, ya mwaka 2002. Dow alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, na riwaya yake inaenda kama jalada la kesi. Msichana wa miaka 12, Neo, anapotea kijijini. Polisi wanasema amechukuliwa na mnyama wa mwituni. Miaka mitano baadaye, binti aliyepelekwa zahanati ya kijiji kwa utumishi wa taifa anafungua boksi akipanga stoo, na ndani kuna nguo za mtoto zenye damu iliyokauka. Nani alikuja kumchukua, msomaji anaambiwa tangu kurasa za mwanzo: mfanyabiashara mpole, baba wa familia, mtu wa kuheshimiwa, anayetaka viungo vya mwili wa mtoto kwa ajili ya dawa ya mafanikio. Hakuna zimwi lililowahi kunitisha kama wema wa bwana yule kwa watoto wake mwenyewe. Mama wa Neo haondoki, kwa kuwa bado hajapewa jibu wala cha kuzika.

Kwetu jambo hilo si la riwayani. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa mnamo 2007 na 2008, watoto wengi walitolewa kwao wakapelekwa kwenye shule za bweni na vituo, kikiwemo cha Buhangija, Shinyanga. Wao waliondoka. Wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wamesoma Takadini ya Ben Hanson, ambamo Sekai anamfunga mgongoni mwanawe mwenye ualbino na kutoroka kijiji kabla wanakijiji hawajamuua. Ni kitabu cha darasani, na walimu hukifundisha kama kisa cha mila. Kichukueni tena mkiwa watu wazima, mkisome usiku kama riwaya ya taharuki, kuanzia pale mama anapoamua kwenda bila kujua anakwenda wapi.